Forester yangu ya tabo inakula lita moja ya oili Iringa–Dar na kurudi: nibadilishe tabo?

Msomaji mmoja wa Iringa ameniandikia hivi:

"Nina Subaru Forester ya mwaka 2008, ya tabo, injini EJ20, imetembea kilomita 142,000. Kila mwezi nashuka Dar. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,000, na oili inapungua karibu lita nzima. Chini haivuji. Mjini sioni moshi, ila rafiki yangu aliyekuwa nyuma yangu anasema nikimaliza kushuka mlima Kitonga na kukanyaga mafuta, gari linatoa wingu la bluu. Fundi wangu humwaga galoni nzima ya lita 5, oili ya 20W-50. Amepima kompresheni, iko sawa silinda zote nne, kwa hiyo anasema ringi ni nzima na mkosaji ni tabo. Ananishauri nitafute tabo iliyotumika kutoka Japani. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, usinunue tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) bado. Barua yako ina mambo matatu ambayo yote yananielekeza kwingine: galoni nzima ya lita 5, moshi wa baada ya Kitonga, na hiyo kompresheni (mgandamizo wa silinda) nzuri.

Nianze na galoni, maana huenda nusu ya tatizo lako imo humo. EJ20 ya tabo, ukibadilisha oili pamoja na filta, inameza lita 4 na kidogo. Galoni ni ya lita 5, na gereji nyingi zina tabia ya kuona galoni ikishafunguliwa lazima iishe. Oili ikizidi kiwango, krenki inaipiga na kuifanya povu na ukungu. Ukungu huo unavutwa na bomba la kupumulia injini, unarudishwa kwenye njia ya hewa na kuunguzwa. Yaani ile oili ya ziada inaondoka haraka kwenye safari ya kwanza, nawe ukichomoa stiki unasema gari limekula lita. Inayofuata inapungua taratibu zaidi, lakini fundi akiona imeshuka kidogo anajaza tena hadi juu ya alama, na mchezo unaanza upya.

Kwa hiyo kwanza tupate kipimo cha kweli. Egesha gari mahali tambarare usiku. Asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Stiki ya Subaru husumbua: upande mmoja unaweza kuonyesha juu na mwingine chini, kwa sababu oili inajipaka ndani ya bomba lake. Uamini upande unaoonyesha chini, na urudie mara mbili. Ikizidi alama ya juu, fundi apunguze. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo hadi iguse alama ya juu kabisa, isipite. Andika kilomita za kwenye dashibodi. Nenda Dar, rudi, lala, na asubuhi yake pima pale pale ulipopimia. Sasa chukua jagi la jikoni lenye alama za mililita na ujaze oili hadi ifikie tena alama ya juu. Ulichomimina kutoka kwenye jagi ndicho gari lilichokula. Mambo ya "karibu lita" yanaishia hapo.

Unapolinganisha, ujue kwamba hakuna injini isiyokula oili kabisa. Vitabu vya Volkswagen na Audi vya miaka mingi vimekuwa vikisema hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 inakubalika, na vile vya zamani vilifika hata lita moja. Hicho ni kiwango cha mtengenezaji kujikinga na madai ya warantii, na mimi sikitumii kama kipimo cha afya ya injini. Kwa EJ20 ya umri wa lako, ikila mililita 200 au 300 kwa safari yako nzima, ongeza, endelea na maisha. Ikifika nusu lita, tafuta sababu bila haraka. Ikibaki lita moja hata baada ya kujaza sawasawa, basi kuna mlango umeachwa wazi, na kazi yetu ni kujua ni upi.

Sasa tuje Kitonga. Rafiki yako amekupa ushahidi mzuri kuliko anavyodhani. Unaposhuka mteremko ule umeachia mafuta na gia imeshikilia gari, mlango wa hewa wa injini unakuwa umefungwa huku pistoni zikiendelea kuvuta. Ndani ya manifodi ya hewa (bomba linalogawia silinda hewa) unatokea mvuto mkali, na mvuto huo unanyonya oili popote penye upenyo: kwenye sili za valvu zilizokauka, kwenye ringi, na kwenye valvu ya PCV inayounganisha tumbo la injini na manifodi. Oili inajikusanya dakika zote za mteremko. Ukifika chini na kukanyaga mafuta, inaungua yote kwa mkupuo, na aliye nyuma yako anaona wingu.

Tabo haikai kwenye njia hiyo ya mvuto. Iko kabla ya mlango wa hewa, na wakati wa kushuka inazunguka bila nguvu. Tabo inayovuja kwa kawaida huonyesha tabia nyingine: gari likisimama muda mrefu likiunguruma, kwa mfano kwenye foleni ya Ubungo, kisha ukaondoka kwa nguvu, moshi unatoka na unaendelea. Au moshi unatoka muda wote unapopanda na tabo inasukuma. Na ringi peke yake hupenda kuonyesha moshi ukiwa umekanyaga mafuta kwa nguvu. Kuna mwingiliano kati ya dalili hizi, sikatai, lakini moshi unaokuja baada ya mteremko mrefu nikiusikia, mkono wangu haugusi tabo kwanza.

Kuna na mambo ya asubuhi. Ukiwasha na ikatoka pumzi moja ya bluu kisha ikakoma, hizo mara nyingi ni sili za valvu. Ila Subaru silinda zake zimelala, na gari likiegeshwa limeinama upande oili kidogo inaweza kuingia silinda. Kwa hiyo pumzi ya mara moja moja baada ya kuegesha kwenye mlima, na Iringa milima mnayo, usiihukumu.

Hilo la kompresheni nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo lililompoteza fundi wako, na amepotea kwa njia ambayo wengi wetu tumepotea. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinashika mgandamizo, na ndizo kipimo cha kompresheni kinachozijaribu. Ya tatu, ya chini, ni ringi ya oili: kazi yake ni kukwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo nyuma yake. Ringi hii ikiganda kwa masizi, au vitundu vikiziba, kompresheni inabaki nzuri kabisa huku oili ikipanda juu na kuungua. Wakati mwingine kompresheni inapanda hata kidogo, kwa sababu oili inazisaidia zile ringi za juu kuziba.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni ile injini ya lita 2.0 ya tabo ya Audi na Volkswagen ya kizazi cha EA888, hasa magari ya 2009 hadi 2011. Ringi ya oili ilikuwa nyembamba na vitundu vya kurudishia oili vidogo, vikaziba mapema. Watu walikuwa wakiongeza oili kila wiki kwenye magari ambayo bado yanavuta vizuri. Marekani suala lilifika mahakamani, na dawa iliyofanya kazi ilikuwa kubadilisha pistoni na ringi zake. Waliokimbilia kubadilisha tabo kwenye injini zile walipoteza fedha zao.

Kwa hiyo mwombe fundi achomoe plagi nne na azipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Kwenye injini yako, ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele, namba 1 iko mbele kulia, 2 mbele kushoto, 3 nyuma kulia, 4 nyuma kushoto. Plagi moja ikiwa nyeusi na ina unyevu wa oili huku tatu ni kavu, tatizo ni la silinda hiyo, na tabo imetoka kwenye orodha, kwa sababu oili ya tabo ingegawanyika kwenda silinda zote. Namba 4 itazame kwa makini zaidi. Kwenye EJ za tabo ndiyo silinda yenye sifa mbaya ya kupasuka kingo za pistoni pale ringi zinapokaa, injini ikigonga kwa mafuta mabaya au joto. Kisha kuna zile kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu, siku hizi gereji nyingi zinazo. Ipitishe kwenye tundu la plagi. Uso wa pistoni ukiwa na masizi makavu katikati lakini pembezoni umeoshwa na kung'aa, oili inapanda kupitia ringi. Pembezoni pakiwa pakavu na shina la valvu likiwa na oili na masizi mazito, ni sili za valvu. Picha hiyo iwepo kabla mtu hajazungumzia kushusha injini, maana kwa EJ kubadilisha sili za valvu au ringi kwa kawaida maana yake injini inatoka kwenye gari.

Lakini kabla ya huko kote, badilisha valvu ya PCV na usafishe mabomba yake. Ni kitu cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na tabo, na gari lenye kilomita 142,000 huenda bado lina ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikinasa ikiwa wazi, oili inanyonywa moja kwa moja kwenye manifodi, na Kitonga ndipo mahali pake pa kujionyesha. Ikiziba, hewa inayopenya pistoni inakosa pa kutokea, shinikizo linajaa kwenye tumbo la injini, na hapo tabo nzima kabisa inaanza kuonekana mbovu.

Ili uelewe kwa nini, tazama tabo ilivyo ndani. Ni feni mbili kwenye shafti moja, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Beringi zake hazina gololi kwenye tabo ya aina yako. Shafti inaelea juu ya utando wa oili inayoletwa kwa shinikizo na injini. Na zile tunazoziita sili za tabo si raba. Ni viringi vya chuma, vidogo vya mtindo wa ringi za pistoni, na kazi yao kubwa ni kuzuia gesi. Oili haizuiwi kwa kubanwa. Inazuiwa kwa kuondoka haraka: inapomaliza kazi inadondoka yenyewe kwa uzito wake, kupitia bomba nene la chini, hadi kwenye injini. Bomba hilo likiziba, au tumbo la injini likijaa shinikizo, oili inarundikana katikati ya tabo na haina njia isipokuwa kupita kwenye viringi, upande wa ekzosi au upande wa hewa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi nayo inachangia, kwa kuvuta oili kutoka upande wa feni ya hewa.

Niliwahi kupokea gari la aina yako lililokuwa limebadilishwa tabo mara mbili ndani ya muda mfupi, na lilikuja kwangu na moshi ule ule. Nilifungua bomba la kurudishia oili. Mdomoni mwake kulikuwa na silikoni nyekundu iliyominyika wakati wa kufunga, imening'inia ndani kama mnyoo, imeziba zaidi ya nusu ya njia. Uzi mwingine wa silikoni ulikuwa umekatika na kuzama kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Nilisafisha, nikafunga kwa gasketi yake ya karatasi bila silikoni hata tone, na moshi ukakoma. Tabo mbili zilikuwa zimenunuliwa bure. Mmiliki alikaa kimya muda mrefu akiuangalia ule uzi wa silikoni kwenye kiganja changu.

Upande wa kuingizia oili nao una mtego wake. Injini nyingi za EJ za tabo za miaka hiyo zina bolti ya bomba, upande wa kulia wa injini karibu na tabo, ambayo ndani yake kuna chujio dogo la nyavu, dogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Halionekani kwa nje na mafundi wengi hawajui kama lipo. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, au ikiwa mbaya, tope linajaa pale na tabo inakufa kwa kiu. Ukifunga tabo mpya bila kugusa bolti hiyo, nayo itakufa. Wapo mafundi wanaolitoa chujio moja kwa moja. Mimi naliweka jipya, kwa sababu kilichokamatwa na nyavu kisingekamatwa kingeishia kwenye beringi.

Kuikagua tabo yenyewe ni kazi ya nusu saa. Toa bomba la hewa linaloingia, shika ncha ya shafti kwa vidole gari likiwa limepoa. Kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, ndiyo nafasi ya oili. Kwenda mbele na nyuma usikuhisi kabisa, na feni zisiguse ukuta. Kisha fungua bomba la interkula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Unyevu mwembamba wa oili humo ni wa kawaida, unatoka kwenye PCV. Ukimwaga na ikatoka kiasi cha kikombe, hapo ndipo nitakubaliana na fundi wako.

Umesema haivuji chini. Hakikisha vilevile juu. Gasketi za tapeti kava za Subaru zikichoka, oili hudondokea juu ya ekzosi na kuungua kabla haijafika ardhini, kwa hiyo kadibodi chini ya gari inakuwa safi kila siku. Utaijua kwa harufu ya oili iliyoungua ukisimama kwenye taa baada ya mwendo.

Hiyo 20W-50 acha. Natambua kwa nini watu wanaipenda: ni nzito, wanaona itapungua polepole. Asubuhi ya Juni Iringa, oili hiyo inachelewa kufika kwenye tabo, na injini yako inatumia oili hiyo hiyo kusogeza kemshafti kwa AVCS (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) kupitia njia nyembamba. Weka sinthetiki ya 5W-40, yenye maandishi ACEA A3/B4 (kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya) kwenye galoni. Alama hizo zina maana. Kuna kipimo kinaitwa Noack: oili inachemshwa nyuzi 250 kwa saa moja, kisha wanapima imepoteza uzito kiasi gani kwa mvuke. Kwa A3/B4 haitakiwi kuzidi asilimia 13. Oili isiyo na viwango inapotea kwa mvuke ndani ya tabo yenye joto, hata injini ikiwa nzima kabisa. Nunua kwa wakala unayemwamini, kagua kama kizibo na karatasi yake havijaguswa, badilisha kila kilomita 5,000. Usitumie zile dawa za kusafishia injini zinazomwagwa kabla ya kubadilisha oili. Kwenye gari lenye umri huu zinabandua tope lote kwa pamoja na kulipeleka kwenye lile chujio dogo.

Na jambo moja la barabara yako. Ukitoka Dar, unapanda Kitonga tabo ikifanya kazi kwa nguvu zote, moshi unaoingia humo ukikaribia nyuzi 900. Kisha unafika Ilula, unaona nyanya na vitunguu, unazima gari. Oili iliyobaki kwenye shafti inasimama hapo hapo na kuungua kuwa masizi magumu. Maji ya rejeta yanayopita kwenye tabo yanasaidia, hayamalizi. Endesha kilomita mbili tatu za mwisho taratibu kabla ya kusimama, au ukishasimama acha injini iungurume dakika mbili huku ukichagua nyanya.

Wakati tunatafuta sababu, usiruhusu oili ishuke chini ya alama ya chini. Ile taa nyekundu ya birika haikuonyeshi kiwango, inaonyesha shinikizo limekatika. Ikiwaka barabarani, zima pale pale, usisogee hata mita mia kutafuta kivuli. Injini nyingi zilizonoki zimenoki ndani ya mita hizo. Vilevile kuongeza oili tu mwaka mzima bila kutibu si salama. Oili inayoungua inashusha uwezo wa petroli kuhimili kugonga, na kugonga ndiko kunakovunja ile pistoni ya namba 4. Masega ya ekzosi (kisafisha moshi) nayo yanachafuka na hayasafishiki. Wenye Prado na Hilux za dizeli wana hatari zaidi: tabo ikivujisha oili kwa wingi upande wa hewa, injini inaweza kuwaka kwa oili yenyewe na kupanda mzunguko hata ukizima switchi. Anayeona dalili hiyo asisubiri.

Basi fanya kwa mpangilio huu. Punguza oili ifike alama, badilisha PCV, nenda safari moja, pima kwa jagi. Ukirudi, kabla hujamruhusu mtu kufungua kitu kikubwa, niandikie mililita ulizoongeza, kama moshi wa Kitonga umebaki vile vile, na unitumie picha ya plagi nne zikiwa zimepangwa, namba zimeandikwa kwa chaki chini ya kila moja.